Jicho Likicheza Linasema Nini?



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu, tulipokuwa tunaandaa jarida hili tuliweka sanduku la maswali mlangoni mwa darasa la wakubwa. Tulitarajia maswali ya tajwidi, ya mirathi na ya funga, na hayo yalikuja kwa wingi. Lakini swali moja lililetwa na watu watatu, kila mmoja kwa mwandiko wake: mtu akichezwa na jicho siku kadhaa mfululizo, hiyo ni dalili ya nini? Mmoja aliongeza kuwa nyumbani ameshaambiwa asisafiri mpaka jicho litulie.

Hatukutaka kulijibu kwa mistari miwili. Tulikwenda kuwauliza wauguzi na matabibu wa macho, tukasoma, tukarudi na maelezo haya. Na tukiri mapema kwamba katika kuyatafuta tulikutana na kosa letu wenyewe, nalo tutalieleza huko mbele.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwanafunzi wetu mmoja wa kike alikuwa Kidato cha Nne, anajiandaa na mtihani wa taifa. Aliamka kila siku saa tisa usiku. Chai ya rangi alikunywa vikombe vinne vizito kabla ya alfajiri, na luku ikiisha alisoma kwa mwanga wa simu aliyoiegemeza kwenye kikombe. Wiki mbili kabla ya mtihani, ukope wa chini wa jicho lake la kushoto ukaanza kucheza. Unacheza, unatulia, unacheza tena. Alipojitazama kwenye kioo alimwona mtu wa kawaida tu, maana kutikisika kwenyewe ni kudogo mno, lakini yeye alihisi kama kuna mdudu chini ya ngozi.

Shangazi yake alimwambia kuwa ukope wa chini ni machozi. Siku ya tatu wakampigia simu baba yake aliyekuwa Singida kuuliza kama ni mzima. Alikuwa mzima. Wakampigia bibi. Mzima. Siku ya tano wakaenda kwa mpiga ramli, naye akasema kuna mtu amemtupia binti kitu ili afeli, na kukiondoa kunahitaji kuku wawili na shilingi elfu themanini. Binti alikuja madrasa akilia. Kwa hiyo machozi yalipatikana kweli, ila si ukope ulioyaleta.

Muuguzi aliyemwona hakumpa dawa yoyote. Alimuuliza analala saa ngapi, anakunywa nini, na mtihani ni lini. Akamwagiza alale saa nne usiku, chai ya rangi aiache ila kikombe kimoja cha asubuhi, na kila akisoma kwa muda afumbe macho kidogo. Jicho halikuacha siku ile. Liliendelea siku nane, na hata kwenye karatasi ya kwanza ya mtihani lilicheza mara mbili tatu. Alifanya mtihani hivyo hivyo.

MSULI NA AMRI YAKE

Kila jicho limezungukwa na msuli mwembamba wa duara, mfano wa kamba inayokaza mdomo wa mfuko. Huo ndio unaotufumba macho tukilala, tukipigwa na upepo au tukipepesa. Msuli huo hupokea amri kutoka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu wa uso, ambao ni wa saba katika zile jozi 12 za mishipa ya fahamu zinazotoka moja kwa moja kichwani. Mtu mzima hupepesa kama mara 15 kwa dakika bila kujijua, na kila akipepesa machozi husambazwa juu ya jicho ili lisikauke.

Sasa wakati mwingine nyuzi chache za msuli ule, tena mara nyingi za ukope wa chini wa jicho moja, hupokea msisimko zenyewe bila mtu kutaka. Huruka-ruka kwa sekunde kadhaa kisha hutulia. Huko ndiko kuchezwa na jicho. Haliumi, halipunguzi nuru ya jicho, na kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya siku chache au wiki chache.

Yanayolichochea yanajulikana: uchovu, kukosa usingizi, wasiwasi na msongo wa mawazo, na kahawa, chai nzito au vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wetu wanavipenda siku hizi. Kadhalika macho makavu. Mtu akikazia macho kitabu au simu kwa muda mrefu husahau kupepesa, na hapa kwetu Makole mwezi wa nane, upepo unapoinua vumbi jekundu mpaka nguo za kwenye kamba zinabadilika rangi, jicho hukauka na kuwasha hata kwa asiyesoma. Anayehitaji miwani na hana, naye hukaza macho kutwa nzima, na msuli wowote ukikazwa kutwa huchoka.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwa nini jicho humcheza mtu wakati ule ule ambao jambo zito linamkabili. Mwenye mtihani halali. Mwenye mgonjwa hospitalini halali. Anayesubiri harusi, safari au hukumu ya kesi halali pia. Jicho linacheza kwa sababu hajalala, kisha jambo alilokuwa akilisubiri linatokea, la heri au la shari, naye anasema: si niliwaambia? Zile siku nyingine jicho lilipocheza na lisitokee jambo lolote hakuna anayezihesabu.

NDEGE NJEMA NA NDEGE MBAYA

Wapo wasemao jicho la kulia ni heri na la kushoto ni shari. Wapo wasemao ukope wa juu ni mgeni, au mtu usiyemwona siku nyingi, na wa chini ni kilio. Tulipowauliza wazee watano katika mtaa mmoja hawakuafikiana, na wawili walipeana majibu yaliyopingana kabisa wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Katika somo la tauhidi tumefundishwa neno tiyara, nalo limetokana na tayr, yaani ndege. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakimrusha ndege au kumtazama arukavyo. Akielekea kulia wanasafiri, akielekea kushoto wanarudi nyumbani. Kiswahili nacho kimehifadhi jambo hilo hilo, kwa kuwa bado tunasema ndege njema na ndege mbaya hata pale ambapo hakuna ndege aliyeruka. Mtume (S.A.W.) alikataza tiyara. Na mtu anayevunja safari, anayeacha kwenda kwenye mtihani au anayempa mpiga ramli pesa ya ada kwa sababu ya ukope, hajatofautiana na yule aliyerudi nyumbani kwa sababu ya ndege.

Hatusemi haya kuwakejeli mashangazi na mabibi zetu. Wao walipokea walichopokea, na mara nyingi wanachokionyesha ni mapenzi: jicho la mtoto likicheza, wanapiga simu kuuliza nani mgonjwa. Kupiga simu kwa ndugu ni jambo jema hata bila jicho. Ubaya ni kwamba tafsiri ya ramli inamfanya mtu asilitazame jicho lenyewe, na hapo ndipo tulipokosea sisi.

BIBI WA KARANGA

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiuza karanga na ubuyu karibu na lango letu. Alikuwa akipepesa macho bila kukoma. Alipepesa akihesabu chenji, akizungumza, na hata akiwa peke yake. Machozi yalimtoka jua lilipokuwa kali na aliyafuta kwa pembe ya khanga. Wanafunzi walimpa jina la utani ambalo hatutaliandika hapa, na wengine walimwigiza mbele yake. Sisi wakubwa tulisikia. Hatukucheka kwa sauti, lakini hatukumkataza mtu pia, na wengi wetu tulidhani ni mazoea ya uzeeni.

Mwaka jana mmoja wetu alinunua karanga akamwona ameshika kibano kidogo na kipande cha kioo. Alikuwa aking'oa nywele za kope zake mwenyewe. Alipoulizwa akajibu kwa upole: "Zinanichoma, mwanangu. Nikizing'oa napumzika wiki mbili, halafu zinarudi ngumu zaidi." Alikuwa amefanya hivyo, kwa hesabu yake, tangu mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa. Mjukuu huyo sasa ana watoto.

Yale hayakuwa mazoea. Ni ugonjwa wa vikope, ambao madaktari wanauita trakoma, na ambao sisi watu wa Dodoma hatuna udhuru wa kutoujua. Ukishika barabara ya Morogoro ukakata Mbande unafika Kongwa, mahali wazee wanapopakumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Lakini kwa wataalamu wa macho duniani Kongwa ni jina kubwa kwa sababu ya vikope. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na Watanzania, waliuchunguza ugonjwa huu katika vijiji vyake, na mengi yanayofuatwa leo katika nchi nyingine yalijifunzwa kwa watoto na akina mama wa pale.

Vikope huletwa na kijidudu kinachoishi ndani ya ukope wa juu, upande unaogusa jicho. Huambukiza kwa mikono, kwa kitambaa au khanga moja kufuta nyuso za watoto wengi, na kwa nzi wanaotua kwenye tongo na kamasi za mtoto huyu kisha wakatua kwa yule. Nzi hao hupenda kuzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, ndiyo maana choo ni kinga ya macho, ingawa watu wengi hawaunganishi viwili hivyo. Mtoto huugua mara moja, akapona, akaugua tena, na tena. Kila mara kovu dogo hubaki ndani ya ukope. Baada ya miaka mingi makovu hujikunja, ukope ukageukia ndani, na nywele zake zikaanza kusugua kioo cha mbele cha jicho. Jaribu kufikiri una mchanga jichoni kila unapopepesa, usiku na mchana, miaka kumi. Kioo hicho huchubuka, huingia vidonda, huwa cheupe, na nuru huondoka isirudi.

Wanawake hupofuka kwa vikope zaidi ya wanaume, hata kufikia mara nne, kwa kuwa wao ndio wanaowabeba watoto, kuwafuta na kulala nao. Mama anaambukizwa na wanawe anaowalea.

Kupepesa kwa namna hii si kule kucheza kwa ukope tulikokueleza mwanzo, na tofauti yake ni rahisi kuikumbuka. Ukope unaocheza kwa uchovu haumi, hautoi machozi wala tongo, na jicho ni jeupe. Mwenye nywele zinazosugua jicho huhisi kuchomwa, hukimbia mwanga, hutokwa machozi, na ukimtazama kwa karibu utaona nywele zimelala juu ya jicho au utaona visiki vya zilizong'olewa. Huyo asingojee.

Dawa ipo kwa kila hatua. Kwa maambukizi kuna azithromaisini, dozi moja ya kumeza, ambayo imekuwa ikigawiwa kwa jamii nzima katika maeneo yenye ugonjwa. Kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure mwaka 1998 na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Watoto wachanga hupewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Kwa ukope uliogeuka kuna upasuaji mfupi: mgonjwa anachomwa ganzi, ukope unageuzwa urudi nje, anafungwa bandeji na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Unafanywa hata na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeuondoa ugonjwa huu kama tatizo la jamii. Malawi, jirani zetu wenye umaskini kama wetu, walifika hapo mwaka 2022. Nasi Tanzania umepungua sana kuliko zamani, lakini makovu waliyoyapata utotoni wale ambao leo ni mabibi yanaendelea kukunja kope zao hata kama kijiji chao hakina tena mtoto mgonjwa.

Bibi wa karanga alipelekwa hospitali. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji na nywele hazimchomi tena. La kushoto lilikuwa limeshachelewa.

MAJI YA USO

Katika vijiji sita vya Kongwa watafiti walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet. Watoto wa vijiji vyote walipakwa dawa ya macho, lakini katika vijiji vitatu wazazi walihimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Watoto ambao nyuso zao zilikutwa safi zaidi ya mara moja walipotembelewa walipungukiwa na vikope vikali kuliko wenzao. Sabuni haikuwa sharti, wala maji mengi.

Wazazi wa kule, kama wa huku kwetu bomba linapokauka, walisema maji hayatoshi. Ni kweli maji yana shida. Lakini sisi tunajua kutokana na fiq'hi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikijazwa, na ndani yake uso ukaoshwa mara tatu. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku ana uso safi asipokusudia hata kidogo.

Lakini hapa tunapenda msomaji atulie kidogo, kwa maana ndipo penye pengo. Vikope huwakamata zaidi watoto wadogo, wale wa mwaka mmoja hadi tisa. Hao wengi hawajafika umri wa kuamrishwa swala. Kaka anatawadha, dada anatawadha, baba anatawadha, na yule wa miaka mitatu anawaangalia akiwa na tongo na nzi wawili kwenye pua. Basi kila anayetawadha nyumbani amwoshe na mdogo aliye karibu naye, kwa maji safi yanayomiminwa, si katika beseni moja la watoto wote. Amkaushe kwa kitambaa chake peke yake au amwache akaukie juani. Wanja nao tusishirikiane kijiti, kwa sababu kijiti kinachotoka jicho hadi jicho kinabeba kilichomo. Tena baadhi ya wanja unaouzwa madukani una risasi, madini yenye sumu, kwa hiyo watoto wachanga tuwaepushe nao kabisa.

JICHO LIKIKUCHEZA, FANYA HIVI

Lala. Tunajua ushauri huu unawaudhi wanaojiandaa na mitihani, lakini hakuna uliofanya kazi zaidi ya huu kwa wote tuliowauliza. Punguza chai nzito, kahawa na vinywaji vya kopo, hasa baada ya alasiri. Chovya kitambaa safi katika maji ya vuguvugu, kamua, weka juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika chache. Ukisoma, inua macho mara kwa mara utazame mbali, hata kama ni mlima tu au minara ya msikiti. Kama unaona ubao kwa shida au kichwa kinauma kila ukisoma, ukapimwe miwani.

Usitie kitu jichoni. Hapa tunasema kwa msisitizo, kwa sababu tumesikia ya maji ya majani, ya maziwa ya mama, hata ya mkojo. Dawa za namna hiyo zimewaharibia wengi kioo cha jicho, na kilichokuwa kuwashwa kwa siku mbili kikawa upofu. Wala usitumie dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Baadhi ya matone yanayotuliza wekundu kwa haraka huficha ugonjwa au kuuzidisha.

Mtoto wa miaka mitano, sita, saba akianza kupepesa sana au kukonyeza bila sababu, macho yakapimwa na yakaonekana mazima, huenda ni mazoea ya mishipa ambayo huwapata watoto wengi na mara nyingi huisha baada ya miezi. Hafanyi makusudi. Kumkaripia au kumzaba kofi mbele ya wenzake humzidishia, na tunalisema hili tukijua kuwa baadhi yetu walimu tumelifanya.

WAKATI WA KUTOKUNGOJA

Iwapo jicho limecheza zaidi ya wiki tatu bila kupungua hata baada ya kupumzika, nenda kituoni ukaonwe. Ukope ukilegea na kuziba mboni, au jicho likawa jekundu, likauma au likatoa usaha, nenda siku hiyo hiyo. Kucheza kukishuka hadi shavuni na pembe ya mdomo upande mmoja wa uso, mara nyingi kuna mshipa wa damu unaougusa ule mshipa wa fahamu wa saba, na hilo ni la daktari.

Wapo pia watu wazima, hasa wanawake waliovuka miaka 50, ambao macho yote mawili hujifumba kwa nguvu wasiweze kuyafumbua, hata kuvuka barabara ikawa hatari. Wengi wao huambiwa wana mashetani na kupelekwa kupungwa. Ni ugonjwa wa amri za ubongo, na una tiba ya ajabu kidogo: sindano ya sumu ile ile inayoua watu kwa chakula cha kopo kilichoharibika, katika kipimo kidogo mno kinacholegeza msuli kwa miezi kama mitatu. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeianzisha, na Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1989. Kwetu hupatikana kwa shida na kwa bei kubwa, lakini mtu akijua jina la maradhi yake angalau haburutwi tena kwenye ngoma.

Mawili ya mwisho yasicheleweshwe hata saa moja. La kwanza ni mtoto mwenye homa ambaye macho yanamgeuka, kope na mikono zinamcheza, naye haitikii akiitwa. Hiyo ni degedege, na jina lenyewe linakumbusha ndege, kwa kuwa wazee wa pwani na bara waliamini kuna ndege au shetani apitaye juu ya mtoto. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyoanza kwa mganga wakiogopa kuwa sindano itamuua mtoto. Mara nyingi ilikuwa ni malaria kali iliyofika kichwani, na muda uliopotea kwa mganga ndio uliokuwa ukiua. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

La pili linawahusu wenye mashamba ya zabibu na bustani. Mtu aliyetoka kupulizia dawa za wadudu, akaanza kuchezwa na kope na misuli, akatokwa na jasho, machozi na mate mengi, huyo amepatwa na sumu. Mvueni nguo zenye dawa, mwogesheni kwa sabuni, mpelekeni mara moja, na chupa ya dawa ichukuliwe ili daktari aione.

Kwa sisi tulio hapa, Kituo cha Afya Makole ndicho mlango wa karibu. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya Hospitali ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na walioko upande wa Mvumi wanayo hospitali ya misheni iliyotibu macho ya watu wa mkoa huu kwa miaka mingi.

Tunawaomba wanafunzi jambo moja la likizo hii. Mtakapokwenda kusalimia kwa mabibi na mababu, huko Kondoa, Bahi, Mpwapwa au popote, mwombeni mzee ruhusa ya kumtazama macho mchana, mkiwa mmekaa kwenye mwanga. Ulizeni kama kuna kinachomchoma, na kama ana kibano nyumbani. Atakayekuwa nacho, andikeni jina lake na kijiji chake, mlete kwa mwalimu wa zamu baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza shule zikifunguliwa. Wazazi wawili wenye magari wamekwishajitolea kuwasafirisha, na orodha tayari ina majina manne.